Ukibaguliwa au kunyanyaswa kazini: hatua kwa hatua hadi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)

Maswali yanayonifikia kuhusu jambo hili ni yaleyale. "Bosi ananitaka, nikikataa ananipunguzia zamu, niende wapi?" "Nimesema nina mimba, mwezi uliofuata nikaambiwa mkataba haujahuishwa." "Sina mkataba wa maandishi, kwani nina haki?" Na lile linaloniumiza kuliko yote: "Ilitokea mwaka jana, naweza bado kushtaki?"

Mwongozo huu namwandikia hasa mtu ambaye jambo limemkuta wiki hii au mwezi huu na bado yuko kazini. Huyo ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko wote. Sheria yetu inamlinda mfanyakazi kuliko wengi wanavyodhani. Kesi nyingi za kweli zinapotea kwa sababu mbili tu: siku zimepita, na hakuna karatasi. Karibu kila hatua hapa chini inahusu mambo hayo mawili.

Ninazungumzia Tanzania Bara, sekta binafsi: kiwanda, duka, hoteli, shule binafsi, shirika, nyumba ya mtu. Zanzibar wana sheria zao, Sheria ya Ajira Na. 11 na Sheria ya Mahusiano Kazini Na. 1, zote za 2005, na ofisi zao ni nyingine. Mtumishi wa umma asome sehemu yake kule mwishoni kabla hajafanya lolote.

Sheria inasemaje, kwa ufupi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, kwa moja kwa moja au kwa kuzunguka, kwa sababu ya rangi, utaifa, kabila au mahali alikotoka, asili, itikadi ya siasa, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, VVU na UKIMWI, umri, au hali yake ya maisha. Unyanyasaji unaotokana na mojawapo ya sababu hizo unahesabiwa kuwa ubaguzi. Anayeomba kazi naye analindwa, kwa hiyo usaili wenye swali la "utazaa lini?" umo ndani. Na wanawake na wanaume wanaofanya kazi za thamani sawa wanatakiwa kulipwa sawa.

Shika jambo moja: lazima pawepo sababu. Msimamizi mkali anayemfokea kila mtu kwa kuchelewa anaudhi, lakini kifungu cha 7 hakimgusi. Akiwafokea wote na wewe peke yako akakuongezea "nyie watu wa kwenu ndivyo mlivyo", hapo mambo yamebadilika.

Tena si kila tofauti ni ubaguzi. Mwajiri anaruhusiwa kuchagua mtu kwa sifa ambayo kazi yenyewe inaidai, na anaruhusiwa kuwainua wale walioachwa nyuma.

Na hili watu hawalijui kabisa: ukishaonyesha dalili za kutosha kwamba ubaguzi umetokea, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukutokea. Wewe hudaiwi kumthibitishia mtu yaliyomo moyoni mwa bosi wako. Unadaiwa kuonyesha nini kilitokea, lini, na wenzako walitendewaje.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari dogo la kwako, linalolala nyumbani.
- Nakala ya mkataba. Kama huna: kitambulisho cha kazi, hati ya mshahara, taarifa ya benki, ujumbe wa mshahara uliotumwa kwa simu, kumbukumbu za michango ya NSSF, ratiba ya zamu yenye jina lako.
- Barua zote ulizowahi kupewa, za sifa na za onyo. Barua ya sifa ya mwaka jana ni mali siku mwajiri atakaposema ulikuwa mzembe tangu zamani.
- Kanuni za kazi za kampuni au sera ya malalamiko, kama ipo.
- Barua pepe yako binafsi ya kuhifadhia picha na ujumbe. Usitumie ya ofisi.
- Mtu mmoja unayemwamini, ndani au nje ya kazi.

Pesa za kufungulia mgogoro hazihitajiki. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, haitozi ada. Mtu yeyote akikudai "ya faili" pale mlangoni, usimpe.

Hatua 1: Hesabu siku zako leo

Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu siku ulipoachishwa. Migogoro mingine, ikiwamo ubaguzi na unyanyasaji ukiwa bado kazini, ni ndani ya siku 60 tangu jambo lilipotokea. Siku hizo ni za kalenda, Jumapili na sikukuu zimo.

Mfano: tukio limetokea Jumanne tarehe 4 Machi. Siku ya 60 ni tarehe 3 Mei, ambayo ni Jumamosi, ofisi imefungwa. Kwa hiyo siku yako ya mwisho ichukulie kuwa Ijumaa tarehe 2, na mimi ningekushauri uwe umefika pale katikati ya Aprili.

Kama unyanyasaji unajirudia, usijipe moyo kwamba utahesabu kuanzia tukio la mwisho. Hesabu kuanzia la kwanza unalotaka lisikilizwe.

*Kosa linalofanyika sana:* kusubiri majibu ya ofisi. Unaandika malalamiko, ofisa rasilimali watu anakwambia "tunalifanyia kazi", wiki nane zinapita kwa upole kabisa. Ahadi hiyo usiitegemee kusimamisha saa ya Tume. Mambo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Hatua 2: Andika kila tukio siku hiyohiyo

Watu wanaandika "ananinyanyasa sana" na kuishia hapo. Hilo halimsaidii msuluhishi. Andika hivi:

"Jumanne 4/3, saa 9:20 alasiri, stoo ya nyuma. Msimamizi wa zamu alifunga mlango, akanishika kiuno, akasema: 'Ukiendelea kuwa mgumu, ile nafasi ya keshia utaisikia kwa wenzio.' Nikamwambia asinishike. Nikatoka. Nje nilimkuta R., akaniuliza mbona nalia. Saa 3:05 usiku msimamizi alinitumia ujumbe: 'Umenielewa?' Sikujibu."

Angalia kilichomo: siku, saa, mahali, maneno yenyewe, ulichojibu, aliyekuona, na kilichofuata. Maneno machafu yaandike kama yalivyotamkwa. Najua yanatia aibu kuyaandika, na kuyasoma mbele ya watu ni kugumu zaidi, lakini ukiandika "alinitamkia maneno yasiyofaa" umemsitiri yeye.

Kwa ubaguzi usio na maneno, andika ulinganisho. Nani alipandishwa cheo, aliajiriwa lini, ana elimu gani, na wewe je. Nani alichelewa mara ngapi akaonywa kwa mdomo, na wewe ukapewa barua kwa kosa hilohilo. Ulinganisho wa namna hii ndio unaojenga zile dalili zinazomgeuzia mwajiri mzigo.

Usirudi nyuma kusafisha daftari. Lenye mwandiko wa haraka na kalamu tofauti linaaminika kuliko lililoandikwa lote usiku mmoja.

Hatua 3: Hifadhi ushahidi

Ujumbe wa simu usiufute, hata ule unaokuchefua. Piga picha ya skrini ionyeshe namba, tarehe na saa, kisha itume kwenye barua pepe yako. Simu yenyewe itunze, usiiuze wala kuibadilisha, kwa sababu Tume inaweza kutaka kuona ujumbe ulipo hasa. Ushahidi wa kielektroniki unakubalika kisheria tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini utaulizwa umetoka wapi na nani aliutunza.

Majina ya mashahidi yaandike, pamoja na waliosikia ukisimulia mara tu baada ya tukio. Mama lishe wa getini uliyekaa kwake ukilia anaweza kuwa shahidi mzuri kuliko mwenzako anayeogopa kufukuzwa.

*Makosa mawili ya kukwepa.* Usichukue nyaraka za siri za kampuni zisizohusu jambo lako, kama orodha za wateja au hesabu. Utampa mwajiri sababu halali ya kukufukuza. Na usiweke jambo hili mitandaoni wala kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Maumivu yanaeleweka, lakini ukimtaja mtu hadharani kabla ya shauri, unaweza kujikuta wewe ndiye unayejibu mashtaka.

Hatua 4: Kama kuna jinai, nenda polisi au TAKUKURU wiki hiyohiyo

Kushikwashikwa, kutakwa kimapenzi kwa maneno au vitendo na mtu mwenye mamlaka juu yako: hayo ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu tangu marekebisho ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, na kifungo chake kinafika miaka 5. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Huko kuna askari waliofundishwa kusikiliza mambo haya, na unaweza kuomba akusikilize askari wa kike. Usiache siku 60 zipite. Toka na namba ya taarifa yako iliyoandikwa kwenye kitabu cha polisi.

Kama umeumizwa, omba PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende hospitali. Kama umebakwa au umejaribiwa kubakwa, hospitali ni mara moja, siku hiyohiyo, kwa ajili ya dawa za kukukinga na maambukizi na mimba. Usioge kwanza. Nguo usizifue; ziweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, uende nazo.

Bosi anayesema "nipe nikupe": nikubalie nikupe mkataba, cheo, likizo, au nisikuandikie onyo. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, au nenda ofisi yao ya wilaya. Hapa muda wa kutoa taarifa ni wa muhimu kuliko popote: toa taarifa kabla ya siku aliyokupangia mkutane. Wakiwa na nafasi wanaweza kuweka mtego, na kesi ya mtego ni tofauti kabisa na kesi ya neno lako dhidi ya neno lake. Usimwambie kwamba umetoa taarifa. Usimtishie.

Kesi ya jinai na mgogoro wa kazi ni njia mbili. Moja haisubiri nyingine.

Hatua 5: Lalamika kwa maandishi ndani ya kampuni

Wengi hawataki hatua hii, na ninawaelewa, maana anayepokea barua mara nyingi ni rafiki wa anayelalamikiwa. Fanya hata hivyo. Sababu ni hii: Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinaitaja waziwazi hali ya kunyanyaswa kingono, au mwajiri kushindwa kumlinda mfanyakazi dhidi ya unyanyasaji huo, kuwa ni mazingira yanayoweza kumfanya mfanyakazi aliyeacha kazi ahesabiwe kuwa ameachishwa na mwajiri. Na kwa dhuluma nyinginezo, ukiwa umeacha kazi utaulizwa kama ulitumia njia za malalamiko zilizokuwepo. Mwajiri ambaye hakuambiwa atasema hakujua. Barua yako inamfungia mlango huo.

Barua iwe fupi, ukurasa mmoja:

"Kwa Meneja Rasilimali Watu.
YAH: MALALAMIKO YA UNYANYASAJI WA KIJINSIA KAZINI
Mimi ni mhudumu wa duka, idara ya mauzo, tangu Juni mwaka jana. Tarehe 4 Machi, saa 9:20 alasiri, katika stoo ya nyuma, msimamizi wangu wa zamu alinishika kiuno bila ridhaa yangu na kunieleza kwamba sitapata nafasi ya keshia nikiendelea kumkataa. Usiku huo alinitumia ujumbe, nakala imeambatishwa. Tarehe 6 Machi zamu zangu zilipunguzwa kutoka sita hadi tatu kwa wiki bila maelezo.
Naomba: (1) jambo hili lichunguzwe, (2) nisipangwe zamu moja naye wakati wa uchunguzi, (3) zamu zangu zirudishwe, (4) nipewe majibu ya maandishi ndani ya siku 7.
Wako mtiifu,"

Hakuna matusi wala historia ya miaka mitano, na anachotakiwa kufanya kimeandikwa wazi. Chapisha nakala mbili. Moja unaiacha, ya pili wakugongee muhuri au wasaini "imepokelewa" na tarehe. Wakikataa, itume pia kwa barua pepe, nakala kwako mwenyewe. Anayelalamikiwa akiwa ndiye mwenye kampuni, barua iende kwake huyohuyo. Mradi iwe imefika.

*Onyo:* usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa na hasira. Barua ya "naacha kazi kwa sababu zangu binafsi" inaua kesi. Kama kukaa kumeshindikana kabisa, onana na mtu wa Hatua 6 kwanza, na barua hiyo iseme ukweli: naacha kwa sababu nilinyanyaswa tarehe fulani, nililalamika tarehe fulani, hamkuchukua hatua. Hapo saa ya siku 30 inaanza.

Hatua 6: Tafuta mtu wa kusimama nawe

Mbele ya CMA unaruhusiwa kuwa na wakili, ofisa wa chama cha wafanyakazi, au mwakilishi uliyemchagua mwenyewe. Wakili si lazima. Kama kuna tawi la chama kazini, anza hapo: TUICO kwa viwanda na biashara, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, TAMICO kwa migodi na ujenzi. Nje ya vyama, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake (TAWLA) hutoa msaada wa kisheria bila malipo kwa wasio na uwezo, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017 wapo wilayani kwingi. Ofisa Kazi wa mkoa naye ana mamlaka ya kuingia na kukagua sehemu ya kazi.

Nenda na daftari lako na barua zako. Mtu mwenye karatasi mkononi anasaidiwa nusu saa. Asiye nazo anarudishwa nyumbani kuzitafuta.

Hatua 7: Jaza Fomu Na. 1 ya CMA

Fomu unaipata bure ofisini kwao, na maelezo unaweza kuyaandika kwa Kiswahili. Inaonekana rahisi, na ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu mbele ya mwamuzi utashikwa na ulichoandika hapa. Vipengele vya kujaza kwa akili:

Aina ya mgogoro. Kama bado uko kazini, chagua ubaguzi. Kama umeachishwa, chagua kuachishwa kazi, na kwenye maelezo useme sababu yake ilikuwa ya kibaguzi. Fomu ina Sehemu B ambayo ni ya walioachishwa tu. Kama hukuachishwa, usiiguse. Watu hujaza kila kisanduku wakidhani wanajiongezea nafasi, kisha wakili wa mwajiri anasimama na kusema madai yanapingana.

Jina la mwajiri. Andika lile lililosajiliwa, lililo kwenye mkataba au hati ya mshahara. Jina la kibao cha barabarani linaweza kuwa tofauti.

Tarehe mgogoro ulipotokea. Ilingane na daftari na barua yako.

Unachotaka. Usiandike "haki itendeke". Andika: kurudishwa kazini, au fidia ya kiasi fulani, mshahara uliokatwa, zamu kurejeshwa, cheti cha utumishi. Weka tarakimu na namna ulivyozipata.

Hatua 8: Mwajiri kwanza, Tume baadaye

Fomu anakabidhiwa mwajiri kabla ya kuisajili. Peleka nakala, asaini na kuandika tarehe kwenye yako. Akikataa, itume kwa rejista au EMS, utunze risiti. Ukiwa na uthibitisho huo ndipo unakwenda CMA ya mahali mgogoro ulipotokea. Hakikisha yako imegongwa muhuri wa kupokelewa, na uandike namba ya mgogoro mahali pawili.

Hatua 9: Usuluhishi

Utapewa wito. Ni kikao cha faragha, wewe, mwajiri na msuluhishi. Hakuna anayetoa hukumu, na mnayosema pale katika kutafuta maelewano hayatumiki baadaye dhidi yenu. Usikose. Mlalamikaji asipofika bila sababu, mgogoro unaweza kufutwa.

Kabla ya kuingia, amua vitu viwili: unachotaka hasa, na kiwango ambacho chini yake hutasaini. Mwajiri mara nyingi huja na hati tayari yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho". Ukisaini, umemaliza. Soma, uliza, omba dakika kumi za kutoka nje na mtu wako. Na pesa si kila kitu: unaweza kuomba barua nzuri ya utambulisho, kufutwa kwa onyo kwenye faili, au msimamizi kuhamishwa.

Usuluhishi unapewa siku 30. Usipofanikiwa, unapata cheti cha kushindikana.

Hatua 10: Uamuzi au Mahakama

Hapo mgogoro unakwenda kwa mwamuzi wa Tume, au katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kutegemea aina na kiasi cha madai. Kwa mwamuzi ni kama kesi: mashahidi wanaapa, nyaraka zinapokelewa, unaulizwa maswali makali. Utakumbushwa tarehe zako zote, na daftari la Hatua 2 litakulinda. Tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, ikitoka na kuna kasoro, maombi ya marejeo Mahakama Kuu yanafunguliwa ndani ya wiki 6 tangu ulipoipokea.

Ikikwama

*Sina mkataba wa maandishi.* Una haki. Kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaleta mbele ya Tume, yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira. Leta ujumbe wa mshahara na kitambulisho. Mfanyakazi wa nyumbani naye yumo ndani ya sheria hii.

*Siku zimepita.* Kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, inaambatana na kiapo. Eleza kila kipindi ulichochelewa: ulilazwa lini hadi lini, ulijifungua lini, na vyeti uviweke. "Sikujua sheria" haitoshi. Iombe mapema, kila wiki unayoongeza nayo itahitaji maelezo.

*Nimefukuzwa kwa ujauzito.* Ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Siku zako ni 30. Mwajiri ataleta sababu nyingine, uzembe au kupunguza wafanyakazi, kwa hiyo tarehe ndizo zitakazosema: lini ulimjulisha, lini lawama za kwanza zilianza. Mjulishe kwa maandishi pamoja na cheti cha daktari, na sheria inataka taarifa ya likizo itolewe angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua. Likizo ya uzazi ni siku 84 kwa malipo, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi unaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha.

*Mkataba wangu wa muda umeisha tu, hawakuuhuisha.* Kama ulikuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishwa, kwa mfano umehuishwa miaka yote iliyopita na wenzako wote wamehuishwa, kutokuhuisha kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa.

*Sijatimiza miezi 6 kazini.* Dai la kuachishwa kazi isivyo halali hukupewa bado. Kinga ya kifungu cha 7 unayo tangu siku ya kuomba kazi, kwa hiyo mgogoro wako uandike kuwa ni wa ubaguzi.

*Anayeninyanyasa ni mteja.* Wahudumu wa baa na hoteli, hili ni lenu. Mwajiri anatakiwa kukulinda. Mwandikie, akikujibu "mvumilie, ni mteja mkubwa", itunze sana hiyo barua au ujumbe.

*Nimeajiriwa na wakala, nafanya kazi kwenye kampuni nyingine.* Kifungu cha 7 kinawagusa na mawakala wa ajira. Barua ipeleke kwa wote wawili, na kwenye fomu uliza kwanza CMA nani aandikwe.

*Mashahidi wamegeuka.* Ndiyo kawaida, wana watoto wa kulisha. Usiwagombeze. Tegemea ujumbe, ratiba za zamu kabla na baada, na watu wa nje uliowasimulia siku ileile.

*Mimi ni mwanaume.* Hakuna kifungu hata kimoja kinachokutenga. Hatua ni hizihizi, dawati la polisi ni hilohilo.

*Mimi ni mtumishi wa umma.* Usianzie CMA. Tangu marekebisho ya 2016, unatakiwa kwanza kumaliza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma: mamlaka yako ya nidhamu, kisha rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Polisi na TAKUKURU hawahusiki na ngazi hizo; huko nenda moja kwa moja.

*Nimeshinda, halipi.* Tuzo ya CMA inakaziwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kama hukumu nyingine yoyote. Nenda na nakala iliyothibitishwa, na orodha ya mali unazozijua za mwajiri: magari na namba zake, benki anayolipia mishahara, majengo. Orodha hiyo anza kuiandaa wakati bado uko kazini.